Kioo cha Dirisha na Jicho la Mtazamaji



Katika vyombo na mapambo ya nyumba zetu, hapana kitu kisifiwacho kwa kutoonekana isipokuwa kioo cha dirisha. Mlango husifiwa kwa nakshi zake, mkeka kwa rangi zake, na kitanda kwa matendegu yake. Lakini kioo cha dirisha husemwa ni kizuri pale mtu anapokitazama asikione. Mama wa nyumba hukifuta asubuhi na mapema, akarudi nyuma hatua mbili, akaridhika kwa kuwa haoni kitu. Kwa sababu hiyo twakisahau. Mtu aliye ndani husema, "Nimemwona fulani barabarani," wala hasemi, "Kioo kimenionyesha fulani." Neno hilo dogo tunaloliacha ndilo tutakalolizungumza mwezi huu, kwani siku hizi limeingia katika simu zetu, na kutoka katika simu likaingia katika ndoa za watoto wetu.

Kila mtoto aliyesomeshwa chuoni anakijua kisa cha Malkia wa Sabaa kilichomo katika Sura An-Naml. Alipoingizwa katika jumba la Nabii Sulaiman, amani iwe juu yake, aliiona sakafu akadhani ni maji, akapandisha nguo yake isilowe. Ndipo alipoambiwa kuwa lile ni jumba lililosakafiwa kwa vioo. Tunapowasomesha watoto kisa hiki, huwauliza swali moja: Je, jicho la malkia lilisema uongo? Wengi hujibu, "Naam, Mwalimu, lilisema uongo." Kisha huwataka wafikiri tena. Jicho lilileta mng'aro, na mng'aro ulikuwapo kweli. Aliyesema kwamba ni maji si jicho. Ni hukumu iliyokuja baada ya jicho, tena ikaja kwa upesi hata mwenyewe asiitambue kuwa ni hukumu. Wala malkia yule hakuwa mjinga. Alikuwa mtu wa kushauriana na wakuu wake kabla ya kukata jambo. Ikiwa mwenye akili namna ile aliweza kukosea juu ya kioo, haitupasi sisi kutembea kwa kujiamini mno.

Picha na dirisha ni marafiki wa tangu zamani. Picha ya kamera iliyo kongwe kuliko zote zilizobaki duniani ilipigwa na Mfaransa aitwaye Nicéphore Niépce, yapata mwaka 1827, kutoka dirisha la ghorofani la nyumba yake katika kijiji cha Saint-Loup-de-Varennes. Alilipaka lami bamba la madini, akalitia katika kamera, akaiacha kamera imeelekea uani kwa muda ambao wengi hukadiria kuwa ni saa nane au zaidi. Katika muda huo jua lilisafiri kutoka upande mmoja wa ua hadi upande wa pili. Picha ilipotoka, kuta zilizoelekeana zilikuwa zote zimepigwa na jua kwa pamoja. Hapana mwanadamu aliyepata kuuona ua ule kwa namna ile kwa kutupa jicho mara moja. Tangu mwanzo wake, basi, kamera haikutuonyesha tu yale tuyaonayo. Ilituonyesha kitu chake yenyewe, nacho kilitaka kufasiriwa.

Miaka michache baadaye, katika mwaka wa 1835, Mwingereza William Henry Fox Talbot alisimamisha kamera ndogo ndani ya nyumba yake ya Lacock, akalipiga picha dirisha lenyewe. Picha ile ilikuwa ndogo sana, lakini mwenyewe aliandika kwamba vioo vidogo vya dirisha lile, vipatavyo 200, viliweza kuhesabiwa kwa msaada wa lenzi. Mmoja alitazama nje ya dirisha. Wa pili alilitazama dirisha. Na katika miaka ya 1950, mjini New York, alitokea Saul Leiter akayafanya yote mawili. Alipiga picha za rangi kupitia vioo vilivyojaa ukungu na matone, hata mpita njia akaonekana kama doa la rangi nyekundu au manjano. Watu wengi hawakuzijua picha zake za rangi za wakati ule mpaka kilipochapishwa kitabu chake mwaka 2006. Huyu hakumdanganya mtu, kwa sababu kila azitazamaye picha zile huona waziwazi kwamba kioo kipo. Hatari ipo pale ambapo kioo ni safi na mtazamaji amekisahau.

Hebu tukieleze kioo chenyewe. Hata kikiwa safi namna gani, kioo hakiipitishi nuru yote. Nuru ikikipiga kwa kunyooka, sehemu kama 4 katika 100 hurudi ilikotoka. Na kwa kuwa kioo kina nyuso mbili, wa ndani na wa nje, jumla ya irudiyo ni kama 8 katika 100. Nuru ikija kwa mshazari mkali, hurudi nyingi zaidi. Mchana, mtu aliye chumbani hayaoni marudio hayo, kwa kuwa nje pana jua, na mwangaza wa nje ni mara nyingi kuliko wa chumbani. Zile sehemu 8 za nuru ya chumbani humezwa zisionekane. Jioni mambo hugeuka. Jua limekwisha kuzama, barabara inafifia, na taa za ndani zimewashwa. Hapo kioo kile kile huwa dirisha na huwa cha kujitazamia kwa wakati mmoja. Lugha yetu ililijua jambo hili tangu kale: kilichomo dirishani tunakiita kioo, na kile ambacho bibi arusi hujitazamia tunakiita kioo vilevile.

Mtu aliyeketi dirishani wakati kama huo hasumbuki sana. Ana macho mawili, nayo humpa habari za umbali. Akikisogeza kichwa kidogo, sura za ndani huteleza juu ya sura za nje, na akili yake huzitenga, hizi huku na zile huku, bila yeye kuhisi kazi yoyote. Ataona barabara na kusahau mengine. Lakini kamera haisogezi kichwa. Ya mbali na ya karibu, yaliyo nje na yaliyorudi kutoka ndani, yote huyalaza katika ubapa mmoja kama nguo zilizopigwa pasi pamoja. Kwa hiyo mtu aweza kupiga picha kupitia kioo, na picha ikaja na kitu ambacho mwenyewe hakukiona alipokuwa akiipiga.

Twayataja haya kwa ajili ya jambo lililotokea mjini kwetu Tanga miaka michache iliyopita, nasi tulikuwamo. Hatutamtaja mtu wala mahali, maana wenyewe wako hai na wanaishi kwa amani.

Kijana mmoja alimposa binti mmoja, nao wote wawili tuliwasomesha chuoni tangu alifu. Posa ilikubaliwa, mahari yakalipwa, na siku ya ndoa ikawekwa. Zilipobaki wiki tatu, shangazi wa binti alikuwa ameketi jioni katika mkahawa wenye dirisha kubwa la kioo, unaoelekeana na duka la vifaa vya ujenzi. Akamwona yule kijana ng'ambo ya barabara, amesimama nje ya duka na kopo la rangi mkononi. Alikwenda kununua rangi ya kupaka chumba watakachoingia. Shangazi akafurahi, akainua simu yake, akampiga picha kupitia kioo, na papo hapo akaipeleka kwa wifi yake, mama wa binti, kwa maneno ya utani kwamba mkwe ameanza kazi. Hakuitazama picha ile tena.

Mama alipoifungua, alimwona mkwe wake amesimama, na nyuma ya bega lake mwanamke kichwa wazi, amevaa fulana, mkono wake umeinuka kuelekea begani mwa kijana.

Kabla ya Isha picha ilikwisha kufika kwa wajomba. Kabla watu hawajalala ilikwisha kufika Maskati, waliko ndugu wa mama. Kila ilipopita iliongezewa neno. Shangazi alipoulizwa, alisema kwamba yeye hakumwona mwanamke yeyote pale. Akaambiwa anasema hivyo kwa kuwa ndiye aliyeileta posa. Kijana alipoulizwa, aliapa kwamba alikuwa peke yake. Na kiapo chake kiliwazidishia watu shaka. Asubuhi yake mjomba mkubwa akasema mahari yarudishwe na habari iishe.

Siku ya tatu tuliitwa sisi, kwa kuwa tulikuwa walimu wa wote wawili. Tuliomba tuletewe picha ile ya kwanza iliyofika kwa mama, si ile iliyozungushwa. Kisha, kabla hatujasema lolote, tuliwaomba jamaa watoke barazani, na aingie mmoja mmoja atueleze alichokiona. Mjomba alisema ameona mkono umelala juu ya bega na vidole vimelishika. Mama alisema ameona mwanamke anacheka, tena anamtazama kijana usoni. Kaka wa binti alisema anamjua mwanamke yule, ni muuza duka wa mtaa wa pili, akamtaja na jina. Baba alisema ameona mwanamke, basi. Mkono hakuuona vizuri. Picha ilikuwa moja, lakini wanawake waliotoka ndani yake walikuwa wanne.

Tukauliza kama yuko mwingine aliyeiona. Tukaambiwa yuko binti mwenyewe, lakini yeye hana la kusema. Tukaomba aitwe. Akaja, akaketi kando ya mamaye.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nawe umeiona picha?"

"Nimeiona, Mwalimu."

"Umeona nini?"

"Nimeona taa."

Tukamuuliza taa gani. Akaichukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili, akatuonyesha. Juu ya barabara, katikati ya anga la jioni, palikuwa na taa ndefu nyeupe, zile zifungwazo darini. Haikuwa na nguzo, wala waya, wala dari.

"Taa hii imening'inia wapi, Mwalimu?" akasema. "Na tazama fulana ya huyu mwanamke. Maandishi yake yamegeuka kinyume. Ya kibao cha duka yanasomeka sawasawa. Nilimwambia mama tangu usiku ule, akaniambia natafuta la kumtetea."

Wakaitwa wote waingie, nasi tukawapa simu kwa zamu. Kila mmoja aliitafuta ile taa, na kila mmoja aliipata, kwa kuwa ilikuwapo wakati wote. Hapo ndipo mjomba alipoliona jambo jingine, ya kuwa matofali ya ukuta wa duka yalionekana kupitia kifuani mwa mwanamke yule, kana kwamba ameshonwa kwa moshi.

Walakini hatukutaka jambo liishie kwenye maneno yetu. Jioni ile tuliswali Magharibi katika msikiti ulio karibu, kisha tukaenda mkahawani, sisi na shangazi na mjomba na baba wa binti. Mjomba akaketi pale pale alipoketi shangazi. Baba wa binti, naye ni mzee mwenye heshima zake, tulimwomba avuke barabara akasimame nje ya duka. Mtumishi wa mkahawa, mwanamke mwenye fulana ya kazi yenye jina la mkahawa kifuani, alikuwa nyuma yetu akipanga vikombe rafuni. Mjomba akapiga picha. Ikatoka hivi: mzee wetu amesimama na kanzu yake na kofia yake ya vito, na begani pake mwanamke kichwa wazi ameinua mkono, na juu yao taa ndefu inaning'inia mbinguni.

Shangazi hakusema neno. Alilivua shali lake jeusi la juu, akalitandaza kuizunguka simu hadi kioni, kama mtu azuiaye upepo usizime mshumaa. Mjomba akapiga picha ya pili. Mzee alikuwa peke yake, na anga lilikuwa tupu. Mjomba aliitazama ya kwanza, akaitazama ya pili, akaweka simu mezani akasema, "Basi, yameisha." Na yule mtumishi aliendelea kupanga vikombe vyake, asijue kwamba kwa siku tatu mkono wake ulikuwa unakaribia kuvunja ndoa ya watu.

Ndugu wasomaji, ingekuwa rahisi kufunga habari hapa na kukilaumu kioo. Lakini kioo kilileta mwanamke mmoja tu, hafifu, mwenye mkono ulioinuka. Kicheko kililetwa na nani? Vidole vilivyoshika bega vililetwa na nani? Jina la muuza duka lilitoka wapi?

Mwanachuoni wetu mkubwa Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Cairo yapata mwaka 1040, aliandika juzuu saba juu ya nuru na kuona, nazo ni Kitab al-Manazir. Kabla yake walikuwapo wataalamu wengi waliofuata Wayunani, wakisema kwamba jicho hutoa miali iendayo kuvigusa vitu. Yeye akabainisha kwamba nuru ndiyo ijayo jichoni kutoka kwenye kitu. Na miongoni mwa hoja zake ni kwamba jicho huumia likilitazama jua, jambo linaloonyesha kwamba kuna kitu kinacholiingia. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini, kikachapishwa Basel mwaka 1572. Lakini hakukoma kwenye nuru. Alieleza ya kuwa jicho hupokea nuru na rangi, ama kukijua kitu kwamba ni nini ni kazi ya akili ipambanuayo na kulinganisha na yale iliyoyahifadhi zamani. Na kazi hiyo hupita upesi hata mtu akadhani ameona tu, hali amehukumu. Akaiweka juzuu yake ya tatu kuyachambua makosa yatokanayo na hayo. Ni yapata miaka 1000 sasa, nasi tulikuwa tumeketi Tanga tukiona mfano wa maneno yake.

Maana kila mmoja alilinganisha na alichokihifadhi. Yule mama alikuwa na binti mkubwa aliyetendwa vibaya na mumewe akarudi nyumbani na watoto wawili. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kicheko alichokiona katika picha alikisikia miaka mingi kabla, katika nyumba nyingine. Mjomba alikuwa safarini posa ilipopokewa, na neno la kutoulizwa lilikuwa halijamtoka moyoni. Kaka alikuwa na mtu anayemfikiria. Hapana hata mmoja kati yao aliyesema uongo. Kila mmoja alisema alichokiona, na alichokiona kilikuwa nusu kioo cha mkahawa na nusu kioo chake mwenyewe.

Wala tusidhani kwamba binti alitazama bila kioo. Alimpenda mchumba wake, na alitaka awe hana hatia. Mamaye alisema kweli kwamba alikuwa akitafuta la kumtetea. Tofauti ni hii. Wengine walipoulizwa walisema mambo ambayo msikilizaji hakuwa na njia ya kuyapima: anacheka kwa namna fulani, anatazama kwa namna fulani. Binti hakusema, "Mimi namjua, hawezi kufanya hivi." Aliweka kidole mahali ambapo hata yule anayempinga angeweza kutazama na kujionea. Hatudhani kwamba mwanadamu aweza kulisafisha jicho lake mpaka lisiwe na kioo kabisa. Lakini aweza kuuliza: katika haya ninayoyaona, ni lipi ambalo mwenzangu, asiyependa nipendacho wala kuchukia nichukiacho, akitazama ataliona vilevile? Hilo ndilo la kulishika, na mengine yangoje.

Sura Al-Hujurat imetuamrisha kuzipeleleza habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Katika kisa hiki mleta habari hakuwa mtu mbaya. Shangazi alileta utani wa furaha, na kioo hakina nia. Habari ilipofika ilikuwa haina ubaya wowote. Ubaya uliingia kwa wasomaji wake. Basi upelelezi nao haumhusu mleta habari peke yake, unamhusu na yule anayeipokea.

Kwa vijana wetu wapendao kupiga picha, tuna maneno machache ya manufaa. Ukipiga picha kupitia kioo, kifute kwanza, kisha sogeza lenzi karibu sana na kioo, maana pale ambapo hapana nafasi, sura ya ndani haina pa kupita. Ukiwa ndani ya basi liendalo, usiiegemeze simu kwenye kioo, kwa kuwa mtikisiko wa gari utaivuruga picha. Acha nafasi ndogo, nawe uizibe kwa kiganja. Zima taa iliyo nyuma yako ukiweza. Usitumie mwako wa kamera, kwani utakurudia wenyewe. Kitambaa cheusi kuizunguka simu hufanya kazi kuliko vifaa vingi vya ghali. Wenye kamera kubwa wana kichujio kinachozungushwa mbele ya lenzi, nacho hupunguza sana marudio mtu akisimama kwa mshazari mbele ya kioo, lakini akisimama kwa kunyooka hakimfai kitu. Na ukiisha kupiga, itazame picha kabla hujaipeleka kwa mtu. Shangazi angalitazama kwa nukta tano tu, angaliiona taa.

Na kwa wanaozipokea picha, twasema hivi. Ukiletewa picha inayomhusu mtu na heshima yake, uliza ilipigwa wapi, saa ngapi, na kupitia nini. Tafuta maandishi uone kama yanasomeka au yamegeuka. Tafuta taa zisizo na mahali pa kufungwa, na watu wanaopenyeka. Usipoona lolote katika hayo, bado usihukumu. Ni alama za kioo cha dirisha tu, na viko vioo visivyo na alama. Bora umwulize mwenyewe, kwa siri na kwa upole, kabla hujawauliza walimwengu.

Ndoa ile ilifungwa siku yake, katika chumba kilichopakwa ile rangi. Mjomba, na twamsifu kwa hili, aliipeleka picha ya pili kwa mkono wake kila ilikokwenda ya kwanza. Hata hivyo haikufika kote. Mwaka uliofuata alikuja mgeni kutoka Maskati, akawauliza watu kwa huruma kama yule binti amekwisha kupata mume mwingine. Wakati huo alikuwa na mtoto mchanga. Picha ya kwanza ilikuwa na mwanamke wa kuzungumzwa. Ya pili ilikuwa na mzee amesimama nje ya duka, na nani humtumia mwenzake picha kama hiyo usiku wa manane?

Wazazi wenzetu, neno letu la mwisho ni kwenu. Pakitokea jambo nyumbani, na watu wazima wote wakawa wamekwisha kuona walichokiona, na mtoto akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye anaona taa, msimwambie anyamaze. Mpeni simu awaonyeshe.

Wassalaam alaykum.